AFYA YA NYUMBANI: Jeraha la Mtoto Baada ya Kutoka Hospitali

Mwezi huu twapenda kusema habari za jeraha la mtoto, hasa lile lililofanywa kwa kisu cha daktari, pamoja na majipu na uvimbe wa nyama, ambao ni ndugu wa jambo hilo hilo. Twaandika haya kwa kuwa wazazi wengi hudhani ya kwamba hatari ya kupasuliwa imekwisha siku ile mtoto atokapo hospitali. Humshukuru Mungu, na ni haki yao; huchinja kuku; majirani huja kumtazama mgonjwa, na jeraha nalo hufunuliwa lipate kutazamwa. Lakini mara nyingi jeraha haliharibiki palepale mezani pa daktari. Huharibika siku ya tano, au ya saba, au ya kumi, mtoto akiwa amekwisha kulala juu ya kitanda chake mwenyewe. Madaktari wa siku hizi huhesabu siku 30 tangu kupasuliwa, na usaha ukitokea katika siku hizo huuhesabu kuwa umetokana na upasuaji ule. Basi, katika siku hizo 30 hospitali humlinda mtoto labda siku mbili au tatu tu. Zilizobaki ni zenu, akina mama na akina baba.

Kwamba jeraha hutunga usaha kwa sababu ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, jambo hili halikujulikana siku zote. Katikati ya karne ya kumi na tisa madaktari wakubwa wa Ulaya walidhani ya kuwa hewa mbaya ndiyo ileteayo. Walipasua watu wakiwa wamevaa makoti yaliyokauka damu ya wagonjwa waliotangulia, wakaona fahari nayo. Visu walivifuta, hawakuvichemsha. Usaha mzito mweupe waliuita usaha mwema, wakaungojea kama mkulima angojeavyo mvua. Twayaeleza haya ili mtu asiwacheke wazee wetu wasemao hata leo, "Acha litoe usaha, ndipo lipone." Maprofesa walisema vivyo hivyo, tena kwa Kilatini.

Tarehe 12 Agosti mwaka 1865 aliletwa katika hospitali ya mji wa Glasgow, nchi ya Uskoti, mtoto mwanamume wa miaka 11, jina lake James Greenlees. Gurudumu la gari la kukokotwa lilikuwa limempita juu ya mguu wa kushoto, mfupa ukavunjika na ngozi ikachanika juu yake. Siku zile mfupa uliovunjika chini ya ngozi nzima uliweza kuungana vizuri. Lakini ngozi ikichanika, wengi walikatwa mguu, na wengi walikufa. Daktari wa upasuaji alikuwa Joseph Lister, mtu aliyelelewa katika jamii ya Marafiki, ambao wenzao wa Marekani walifungua misheni ya Kaimosi mwaka 1902. Lister alikuwa amesoma maandiko ya Louis Pasteur, Mfaransa, aliyeonyesha ya kuwa mvinyo na maziwa huharibika kwa kazi ya vijidudu. Akawaza moyoni mwake: ikiwa vijidudu huharibu mvinyo, mbona visiharibu nyama ya jeraha? Akatwaa dawa iitwayo kaboliki, ambayo katika mji wa Carlisle ilitumiwa kuondoa uvundo wa maji machafu, akachovya kitambaa ndani yake, akafunika jeraha la yule mtoto, na mguu ukafungwa mabanzi.

Kisha akafanya jambo lililo gumu kuliko yote, yaani, akaliacha. Siku nne jeraha halikufunguliwa. Lilipofunguliwa, hapakuwa na usaha. Baada ya majuma sita mfupa ulikuwa umeungana, na mtoto ambaye angaliweza kukatwa mguu alikuwa na miguu yake miwili. Mwaka 1867 Lister aliyaandika hayo katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet, ijapokuwa wako wakubwa waliomdhihaki miaka mingi baadaye.

Kaboliki haitiwi tena juu ya jeraha, maana ni kali nayo huunguza nyama yenyewe. Mtu asisome habari hizi akaenda dukani kununua dawa ya kuoshea sakafu. Mambo mawili yaliyomponya James yangali ni yale yale: vijidudu vizuiwe mlangoni, na jeraha lililofunikwa vizuri liachwe kwa utulivu. Hayo ndiyo tupendayo yafuatwe katika nyumba zetu, kwa kuwa nyumba ya Kikristo haihitaji mashine wala umeme ili kuyatimiza.

Kazi huanza kabla ya kisu. Mtoto anayekwenda kupasuliwa na aogeshwe mwili mzima kwa maji na sabuni, usiku uliotangulia au asubuhi ile, akavikwe nguo safi. Wala mama asimnyoe kwa wembe mahali patakapopasuliwa, akidhani anawasaidia wauguzi. Wembe huacha mikwaruzo midogo, na kila mkwaruzo ni mlango. Shirika la Afya la Dunia lilikataza jambo hilo katika maagizo yake ya mwaka 2016. Likasema pia ya kwamba dawa ya kuzuia vijidudu, pale inapohitajiwa, itolewe kabla ya kisu, katika muda wa saa mbili zinazotangulia, wala isiendelezwe siku nyingi baada ya upasuaji kwa kuzuia tu. Basi, mzazi asikasirike akiona mtoto wake ametoka hospitali pasipo mfuko wa vidonge, akadhani amedharauliwa kwa sababu ya umaskini wake. Huenda ikawa daktari amefanya jambo lililo jema kabisa.

Mtoto akifika nyumbani, mikono ndiyo ya kwanza kutazamwa. Mama aliyetoka kumsafisha mdogo wake haja, au baba aliyetoka zizini, asiguse kitambaa cha jeraha kabla hajanawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, mpaka katikati ya vidole na chini ya kucha. Beseni moja la kunawia watu wote halifai. Maji na yamiminwe kwa kata au kwa birika. Majirani na waje, wasali pamoja na mtoto, wamletee ndizi, lakini jeraha si picha ya kuonyeshwa wageni. Kitambaa kilichofungwa hospitalini kiachwe mpaka siku iliyoagizwa. Kikilowa maji, au kikichafuka, au kikifunguka, ndipo kibadilishwe. Na kama mama hakufundishwa kukibadilisha, ampeleke mtoto zahanati. Siku ya kubadilisha, maji safi yaliyochemshwa yakapoa yatosha kwa kusafisha, pamoja na kitambaa kilichofuliwa, kikachemshwa na kukaushwa juani, tena kikapigwa pasi ya moto. Kipande cha kanga kilichofutia meza hakifai, hata kama kimefuliwa na jeraha ni dogo.

Sasa tuseme jinsi ya kulijua jeraha linalokwenda vizuri na lile linaloharibika. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea, nao hawakosei kwa kutopenda, ila kwa kutokujua.

Jeraha jema huuma. Siku ya kwanza na ya pili huvimba kidogo, na pengine hutoa maji membamba yaliyochanganyika na damu kidogo. Hiyo ni kazi ya mwili, wala mtu asifadhaike. Lakini maumivu ya jeraha jema hupungua kila siku: leo ni chini ya jana, na kesho yatakuwa chini ya leo. Mtoto aliyekataa kuketi jana, leo huketi. Aliyeketi, huomba kwenda nje. Basi kumbukeni kipimo hiki, maana hakihitaji chombo chochote. Ikiwa maumivu yalikuwa yakipungua, kisha yakageuka na kupanda tena, hata kama jeraha kwa nje laonekana zuri na nyuzi zimekaa sawasawa, kuna jambo linalofanyika ndani. Msingoje usaha utoke. Usaha ukisha kutoka, ugonjwa ulikwisha kuwamo siku nyingi.

Vitabu vingi vya uganga vimeandikwa na watu wenye ngozi nyeupe, navyo husema, "Tazama wekundu." Juu ya ngozi yetu wekundu mara nyingi hauonekani. Mahali palipoharibika huonekana peusi zaidi, au pa rangi ya zambarau, tena ngozi hung'aa na kukaza kama ngozi ya ngoma. Kwa hiyo msitegemee macho peke yake. Weka kisogo cha mkono wako karibu na jeraha, kisha ukiweke upande wa pili wa mwili, mahali pale pale. Ikiwa ni mguu wa kulia, upime na wa kushoto. Joto likizidi upande wa jeraha, na uvimbe ukiwa mgumu, hiyo ni dalili. Tena, chukua kalamu ya wino uchore mstari mwembamba pembezoni mwa uvimbe, uandike saa. Baada ya saa chache utazame: uvimbe ukiwa umevuka mstari, funga safari. Daktari atakapouona mstari ule atakushukuru, kwa maana umemwonyesha kwa upesi gani ugonjwa unatembea. Dalili nyingine ni homa, na usaha au harufu mbaya, na mshono kuachana, na uvimbe wa tezi katika kinena au kwapa, ule ambao wengine huuita mtoki.

Mtoto mchanga hana maneno. Husema kwa kukataa ziwa, na kwa kulia ainuliwapo, na kwa kuulegeza mkono mmoja asiuchezeshe kama wa pili. Pengine hawi na homa kabisa, bali mwili wake hupoa naye husinzia kupita kawaida. Na jambo hilo ni baya kuliko homa. Kitovu cha mtoto mchanga nacho ni jeraha, ijapokuwa hakuna daktari aliyelifanya kwa kupasua. Ngozi ya kando yake ikivimba na kuwa na joto, au kitovu kikitoa usaha wenye kunuka, apelekwe saa ile ile. Samadi ya ng'ombe, majivu, masizi ya chungu, mate ya bibi: hivyo vyote viliua watoto wengi katika nchi zetu kwa pepopunda, wala hatuoni haya kulisema waziwazi.

Tunalo neno la pekee kwa akina baba, kwa habari za wavulana waliotahiriwa. Katika sehemu nyingi za Kenya wavulana hutahiriwa katika likizo ya Desemba, wengine hospitalini, wengine kwa desturi ya kabila lao, na makanisa mengi yamekubali jambo hilo lifanyike kwa usafi na pasipo mambo ya aibu. Sisi hatulipingi. Lakini mvulana hufundishwa ya kuwa mwanamume halii. Hufundishwa vizuri mno, hata jeraha likianza kuoza hunyamaza, akidhani ya kwamba kunyamaza ndiko kushinda. Mama hawezi kumwuliza, kwa heshima. Dada zake ndiyo kabisa. Nao vijana wanaomlinda ni wenye miaka 17 au 18, ambao elimu yao yote ni kwamba wao waliumia wakapona. Hivyo mtoto hubaki peke yake katikati ya watu wengi. Baba, jambo hili ni lako, au ni la mjomba wake. Ingia mwenyewe, siku ya tatu na siku ya tano, utazame kwa macho yako, tena umwulize kwa namna isiyomdhili: "Mwanangu, jana na leo, ni lini uliumwa zaidi?" Akisema leo, usimwambie avumilie. Tazama pia kama kitambaa kimekazwa mno, kama uvimbe umepanda mpaka tumboni au mapajani, na kama aweza kukojoa. Mvulana asiyeweza kukojoa tangu asubuhi hata jioni hawezi kungoja mapambazuko.

Twaja katika vitu ambavyo watu hutia juu ya jeraha. Zamani ilikuwa ni majani na samadi. Siku hizi ni jambo la kisasa zaidi, nalo hupendwa hata na watu waliosoma. Hununua dukani vidonge vya rangi mbili vyenye unga ndani, huvifungua, na kuunyunyiza ule unga juu ya jeraha. Unga huo ulifanywa umezwe, upite katika damu kwa kipimo. Juu ya jeraha hufanya gamba, na chini ya gamba usaha hukaa kama maji ndani ya mtungi uliofunikwa. Tena vijidudu vilivyoonja dawa kidogo pasipo kufa hujifunza kuishinda.

Jambo hili si dogo. Dawa ya penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, lakini mpaka mwaka 1941 ilikuwa haijatibu watu ila wachache. Katika wagonjwa wa kwanza kabisa huko Oxford, Uingereza, alikuwamo kijana wa miaka 15 aliyetiwa chuma katika nyonga kwa upasuaji, na jeraha lake likaharibika vibaya. Dawa yote iliyokuwako duniani ilikuwa ya kupimwa kwa kijiko, hata madaktari wakaikusanya tena kutoka katika mkojo wa wagonjwa, wakaisafisha, wakaitumia mara ya pili. Yule kijana alipona. Baada yake waliwachagua watoto, kwa kuwa mwili mdogo huhitaji dawa kidogo. Na mwezi Desemba 1945, Fleming alipopewa tuzo ya Nobel, aliwaonya watu wasije wakanywa penisilini kwa kipimo pungufu, vijidudu vikazoea. Leo viko vijidudu vya majeraha ambavyo dawa nyingi haziviwezi tena, navyo hupatikana katika wodi za watoto za nchi zetu kama kwingineko. Kwa hiyo mtoto akiandikiwa dawa, na amalize siku alizoandikiwa. Isigawanywe kwa mdogo wake anayekohoa, wala isiwekwe kabatini kwa ajili ya mwaka ujao.

Yako maradhi ya nyama yasiyotokana na kisu cha daktari. Jipu la kawaida mwalijua. Kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, mara tatu au nne kwa siku, hulisaidia kuiva na kupasuka lenyewe. Kulikamua kwa vidole ni vibaya, maana nusu ya usaha hutoka nje, na nusu husukumwa ndani. Jipu la usoni, hasa kati ya pua na mdomo, lisiguswe kabisa, kwa kuwa mishipa ya damu ya mahali pale ina njia ya kwenda nyuma ya jicho mpaka penye ubongo. Miongoni mwa wale wagonjwa wa Oxford wa mwaka 1941 alikuwamo mtoto wa miaka minne na zaidi, ambaye ugonjwa ulimwingia nyuma ya jicho kwa njia ya vidonda vya surua. Penisilini iliwashinda vijidudu wale, lakini mshipa uliokwisha kuharibika ulipasuka kichwani, akafa. Jipu kubwa lililoiva huhitaji kupasuliwa zahanati. Vidonge peke yake haviwezi kuingia katika mfuko wa usaha vikaukausha. Twajua ya kuwa watoto huogopa kisu kile. Lakini ni kazi ya dakika chache, na mara nyingi usiku ule ule mtoto hulala usingizi ambao hakuupata juma zima.

Kuna na jipu jingine lililofichika. Katika nchi za joto kama zetu, mtoto mwenye nguvu, aliyekuwa akicheza mpira, huanza kulalamika paja, au kiuno, au bega. Ana homa. Ngozi ni nzima, hakuna jeraha, hakuna cha kuonekana. Jamaa husema aliteguka katika mchezo. Huitwa fundi wa kukanda, naye humkanda kwa mafuta kwa nguvu zake zote. Kumbe ndani ya msuli kuna usaha, na kila kukanda ni kuueneza. Mtoto mwenye homa anayechechemea, au asiyekubali kuukanyagia mguu, asikandwe na mtu awaye yote kabla daktari hajamtazama. Neno hilo ni moja pia kwa maumivu ya mfupa karibu na goti, maana usaha huweza kuingia katika mfupa wenyewe, na humo kuutoa ni kazi ya miezi.

Upele na funza twavitaja kwa maneno machache tu, kwa sababu tumeviandika zamani. Mtoto ajikunaye hupata vidonda, na vidonda hivyo vikiingiwa na vijidudu vyaweza kuyadhuru mafigo yake, hata uso ukavimba asubuhi na mkojo ukawa wa rangi ya chai. Utibuni upele wa nyumba nzima siku moja.

Sasa neno zito. Mara chache, lakini si mara chache sana, vijidudu hushika tabaka lililo chini ya ngozi na kulila upesi kama moto wa nyasi kavu. Dalili yake ni maumivu yasiyolingana na jeraha: jeraha ni dogo, na mtoto analia kama aliyechomwa. Baadaye ngozi hubadilika ikawa ya kijivu au nyeusi, hufanya malengelenge, pengine hupoteza hisia kabisa, na mtoto huacha kulia. Wazazi husema, "Amepata nafuu, amenyamaza." La, hajapata nafuu, nyama ile imekufa. Ugonjwa huo hauhesabiwi kwa siku, huhesabiwa kwa saa, na dawa yake ni kisu pamoja na sindano za mshipa katika hospitali kubwa. Usiku huo huo azimeni pikipiki, amsheni mwenye gari, amsheni mchungaji, amsheni kila mtu.

Twaambiwa ya kwamba wako ndugu wanaochelewa kwa sababu ya imani. Husema, tumekwisha kuomba, kumpeleka tena hospitali ni kuonyesha mashaka. Hatuwadharau ndugu hao, maana kuomba kwao ni kwa kweli. Lakini na wasome habari za mfalme Hezekia. Aliomba kwa machozi, na Mungu alimsikia. Kisha nabii yule yule aliyemletea jibu la Mungu aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Hatusomi ya kuwa mfalme alizikataa. Na yule Msamaria alitia mafuta na divai, akafunga majeraha. Watu hukumbuka hayo. Wachache hukumbuka ya kuwa alimpeleka mtu yule nyumba ya wageni, akalala naye pale, akalipa fedha, akaahidi kurudi. Kwa hiyo kurudi hospitali siku ya tano si aibu wala si kosa la imani. Na ile aibu nyingine, ya kuogopa kukaripiwa na mwuguzi kwa kuwa kitambaa kimechafuka, nayo na iwekwe kando. Karipio hupita kabla ya chakula cha mchana.

Katika siku za kupona mtoto na ale. Ziko nyumba ambazo humnyima mwenye jeraha mayai, au samaki, au maharage, zikisema vitu hivyo huleta usaha. Sivyo. Nyama mpya hujengwa kwa vyakula hivyo hivyo, na mtoto aliyekonda hupona polepole, tena vijidudu humshinda upesi. Dagaa, maharage, maziwa, yai, mboga za majani, papai: apewe kila kilichopo. Mtoto anyonyaye azidishiwe ziwa.

Tazameni pia kadi ya kliniki. Chanjo ya kuzuia pepopunda hutolewa Tanzania na Kenya mtoto akiwa na majuma 6, na 10, na 14, ikiwa imechanganywa na nyingine katika sindano moja. Kama mistari ile haikujazwa, mwambieni daktari siku ile ile ya jeraha, hasa ikiwa lilipatikana shambani, au kwa msumari, au kwa mwiba. Tena mkirudi hospitali kwa ajili ya jeraha lililoharibika, chukueni karatasi ya upasuaji, na vidonge vyote ambavyo mtoto amekwisha kumeza, hata vile vya dukani, hata majani kama aliwekewa majani. Msifiche. Mwambieni daktari siku aliyopasuliwa, siku maumivu yalipogeuka, na saa mliyochora mstari.

Habari za majeraha ya moto tumeziweka kwa mwezi ujao, kwa kuwa zina mambo yake mengi, na nafasi ya ukurasa huu imekwisha. Wale wenye maswali na wayapeleke kwa mwalimu wa kanisa lao kabla ya tarehe 15, nasi tutajibu kadiri tuwezavyo.